Farasi wa mbio aliyeumia kano ya mguu wa mbele: atibiwe vipi, na apewe nani?

Swali — Mlezi wa Farasi

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimekabidhiwa farasi aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 6, ambaye alitolewa kwenye mashindano ya mbio baada ya kuumia kano ya nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto. Mmiliki wake wa awali hakutaka kumgharimia tena, nami nikaona heri nimchukue kuliko kumwacha apite mikononi mwa madalali na kuishia pasipojulikana. Sina nia ya kumrudisha mbioni. Nataka apone kadiri awezavyo, azoee maisha mengine, kisha nimpate mtu mwema wa kukaa naye, kwa kuwa mimi sina nafasi ya kumweka daima.

Alipofika, mguu ulikuwa umetuna upande wa nyuma, kati ya goti na kifundo, na ulikuwa na joto ukiugusa. Daktari alipima kwa ultrasaundi akakuta nyuzi nyingi zimekatika katikati ya kano, akaagiza farasi apumzike bandani, mguu umwagiwe maji baridi na kufungwa bandeji. Sasa uvimbe umepungua sana, joto halipo, na akitembezwa hachechemei. Hapo ndipo mashauri yalipoanza kupingana. Wapo wanaosema nimwachilie malishoni ajitibu mwenyewe, na wapo wanaosema aanze kupandwa taratibu ili mguu usikakamae. Tena amejitokeza mzazi anayemtaka kwa ajili ya binti yake anayejifunza kuruka viunzi, naye anahimiza nimpe jibu mapema.

Jambo jingine linalonisumbua ni hali yake kwa jumla. Amekonda, manyoya hayang'ai, anaacha nafaka nusu, anasimama mlangoni akiyumba kulia na kushoto kwa muda mrefu, na nikimkaza mkanda wa blanketi tumboni anageuza kichwa kwa hasira kama anayetaka kuuma. Je, haya yanahusiana na mguu, au ni tatizo jingine? Na je, ni lini mtu anaweza kusema kwa haki kwamba farasi wa namna hii yuko tayari kupewa mwenyeji mpya?

Jibu — Daktari wa Mifugo

Ndugu Mlezi, naomba umjibu mzazi huyo leo kwamba farasi huyu hafai kwa binti yake, ili asiendelee kusubiri na ili wewe usifanye uamuzi wa matibabu huku mtu akikusimamia mlangoni. Kuruka viunzi kunaitaka kano ile ile iliyoumia ibebe uzito wote wa farasi na mpandaji wakati wa kutua, kwa mguu mmoja kwanza. Hata akipona vizuri, hiyo ni kazi ya mwisho ambayo ningemshauri mtu ampe.

Kano unayoizungumzia ndiyo iliyo karibu zaidi na ngozi nyuma ya mguu. Farasi anapokwenda shoti, kano hiyo hunyooshwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya urefu wake, kiwango kilicho karibu kabisa na kikomo cha kukatika. Kwa hiyo haina akiba kubwa ya nguvu hata ikiwa nzima. Ikiumia, mwili huziba pengo kwa nyuzi za kolajeni ya aina dhaifu, zinazojipanga ovyo ovyo, na baadaye hubadilisha nyingi kati ya hizo kwa kolajeni imara zaidi inayofuata mstari wa mguu. Mabadiliko hayo huchukua miezi, mara nyingi mwaka mzima na zaidi, kwa sababu kano hupata damu kidogo kuliko misuli. Kovu linalobaki halinyumbuki kama kano ya asili. Fikiria kamba iliyofungwa fundo: fundo lenyewe halivutiki, kwa hiyo mvuto wote huenda sehemu zilizo jirani nalo, na ndiyo maana farasi wengi huumia tena juu kidogo au chini kidogo ya kovu la kwanza.

Sasa angalia mahali ambapo watu hudanganyika. Uvimbe, joto na kuchechemea ni dalili za uchochezi, na uchochezi huisha ndani ya wiki chache. Kano yenyewe wakati huo ndiyo kwanza imeanza kuzibwa. Yaani mguu huonekana mzuri katika kipindi ambacho uko hatarini sana, na farasi naye, kwa kuwa hasikii maumivu, hana sababu ya kujizuia. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe dawa za kutuliza maumivu kama fenilbutazoni ili aweze kutembezwa zaidi. Dawa hiyo ina nafasi yake mwanzoni, kwa maagizo ya daktari, lakini ikitumika kuficha maumivu wakati wa mazoezi inakuondolea onyo pekee ulilonalo, mbali na kwamba inaweza kuumiza tumbo.

Kumwachilia malishoni nakukataza kwa sasa. Farasi wa mbio aliyefungiwa bandani kwa wiki kadhaa, akifunguliwa katika uwanja mpana, jambo la kwanza atakalofanya ni kutimua mbio, kufunga breki na kugeuka ghafla. Kumfungia bandani bila mwendo wowote nako si tiba, kwa kuwa nyuzi mpya huhitaji mvuto mdogo wa kila siku ili zijipange kwa mstari. Tiba yenyewe ni mazoezi yanayopimwa. Kwa kawaida huanza na matembezi ya dakika 10 akiwa ameshikwa kamba, kwenye ardhi tambarare isiyo na mchanga mzito, bila kona kali. Kisha huongezwa dakika 5 kila wiki au kila wiki mbili hadi afike dakika 40 au zaidi kufikia mwezi wa tatu. Hapo hupimwa tena kwa ultrasaundi. Picha ikiridhisha, mchakamchaka huingizwa katikati ya matembezi, dakika chache kwa siku, kwa mstari ulionyooka. Mbio za taratibu kwa kawaida hazifikiriwi kabla ya mwezi wa sita, na kwa jeraha kubwa huchelewa zaidi. Malisho ya uhuru huja baada ya picha kuruhusu, wala si kwa sababu kalenda imefika.

Kuhusu picha, mwombe daktari wako apime miguu yote miwili ya mbele, kwa kuwa kano hii mara nyingi huchakaa pande zote hata kama upande mmoja tu ndio uliolia. Kama kipimo cha kwanza kilifanywa siku ile ile ya kuumia, kichukulie kwa tahadhari, maana jeraha huweza kupanuka katika siku zinazofuata na picha ya mapema ikaonyesha dogo kuliko lilivyo. Na katika kila kipimo kinachofuata, awe anapima ukubwa wa kano mahali pale pale: ikiwa imenenepa kwa zaidi ya asilimia 10 tangu kipimo kilichopita, mazoezi yamezidi na lazima yarudishwe nyuma. Huenda ukaelezwa pia kuhusu sindano za seli shina au za plazima iliyotengwa kutoka damu ya farasi mwenyewe. Zipo, nazo huenda zikasaidia ubora wa kovu, lakini hakuna hata moja inayofuta ratiba niliyoieleza.

Jibu — Saisi wa Zamani

Namuunga mkono Daktari katika habari za mguu, nami nitajibu lile swali la pili, kwa sababu nimewahudumia farasi wa mbio kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na dalili ulizozitaja ninazifahamu.

Farasi anayeacha nafaka nusu, aliyekonda, na anayegeuza kichwa ukimkaza mkanda, mshuku vidonda vya tumbo kabla ya kumwita mkorofi. Vidonda hivi vimeenea mno miongoni mwa farasi walio katika mazoezi ya mbio. Sababu yake inaeleweka: tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku bila kukoma, ilhali mate yanayopunguza makali ya asidi hiyo hutoka tu wakati anapotafuna. Farasi wa malishoni hutafuna sehemu kubwa ya siku. Farasi wa mbio hupewa nafaka nyingi anayoimaliza upesi, kisha hukaa saa nyingi mdomo mtupu, na akikimbia, asidi inayochezacheza hufika sehemu ya juu ya tumbo ambayo haina kinga. Daktari anaweza kuingiza kamera akaona vidonda vyenyewe, na dawa inayotumika zaidi ni omeprazoli. Hata hivyo, dawa bila kubadili ulishaji ni kuchelewesha tu tatizo, kwani ukiiacha vidonda hurudi.

Kwa hiyo mpe nyasi kavu kwanza na nafaka baadaye. Kiwango cha chini kabisa ni asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, kikipimwa kama chakula kikavu, na asilimia 2 ni bora zaidi. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kati ya kilo 7.5 na kilo 10. Igawe mara nyingi, au itie kwenye wavu wenye matundu madogo ili akae nayo muda mrefu. Lusini (alfalfa) kidogo husaidia kwa kuwa ina kalisi nyingi inayopunguza asidi. Nafaka ipunguze pole pole, na kila badiliko la chakula lichukue siku 10 hadi 14, kwa maana vijidudu vya utumbo mkubwa havivumilii mageuzi ya ghafla. Ukitaka anenepe, mwongezee mafuta ya mimea kidogo kidogo badala ya kumrundikia nafaka zinazomtia wazimu huku amefungiwa bandani.

Jambo moja zaidi kuhusu kufungiwa: farasi aliyezoea mazoezi ya kila siku akisimamishwa ghafla, utumbo wake nao hupunguza mwendo, na kinyesi kikikauka kinaweza kuziba. Hesabu mafungu ya kinyesi kila asubuhi na uangalie kama yana unyevu. Hakikisha anakunywa. Yakipungua, au ukimwona anachimba ardhi kwa kwato na kutazama ubavu wake, usingoje jioni ndipo umwite daktari.

Kule kuyumba mlangoni ni tabia inayotokana na upweke na kukosa la kufanya. Farasi wa mbio huishi katika jengo lenye pilikapilika tangu alfajiri: anapigwa brashi, anatolewa kundini, anarudishwa, anaoshwa. Umemtoa humo ukamweka mahali pa kimya ambapo hapajui. Usimfunge wala usimpige ili aache. Mpe mwenzake wa kumwona na kumgusa juu ya ukuta wa banda, hata kama ni punda au mbuzi, na umtoe kwa ratiba isiyobadilika. Mnyama huyu amelelewa kwa ratiba, nayo humtuliza kuliko maneno.

Siku ya kupandwa ikifika, tafadhali aanzwe upya kama mwanafunzi, kwani mengi anayoyajua ni kinyume cha yale mpandaji wa kawaida anayoyatazamia. Joki hurushwa juu ya mgongo wa farasi anayetembea. Kwa hiyo kusimama tuli kando ya ngazi huku mtu akipanda ni jambo ambalo huenda hajawahi kulifanya. Joki hukaa juu, magoti yamekunjwa. Kwa hiyo miguu inayoning'inia na kumgusa mbavu inaweza kumshtua akaruka mbele. La kuangaliwa kuliko yote ni hatamu. Mbioni, hatamu zikikazwa farasi huegemea lijamu na kuongeza kasi. Mpandaji mwoga akizivuta kwa nguvu ili amsimamishe, farasi ataelewa kuwa ameamriwa aende, na kila mmoja atamwogopa mwenzake. Mfundishe kwanza akiwa ardhini: kusimama, kurudi nyuma, kusogea pembeni, kungoja. Hayo unaweza kuyaanza hata leo wakati wa matembezi yake ya dakika 10, nayo hayadhuru mguu.

Jibu — Fundi wa Kwato

Nina fupi la kuongeza. Tazama kwato zake kwa ubavuni. Farasi wengi wa Thoroughbred, yaani aina inayozalishwa kwa ajili ya mbio, wanaotoka mbioni wana kidole kirefu (ncha ya mbele ya kwato) na kisigino kilicholala, na umbo hilo huongeza mzigo nyuma ya mguu kila kwato inaponyanyuka kutoka ardhini. Kidole kirudishwe nyuma kwa awamu, kila wiki 4 hadi 6, na si kwa mkato mmoja. Kisigino nacho kisiinuliwe kwa kabari bila daktari kuona picha, kwa sababu kukiinua hupunguza mvuto katika kano ya ndani zaidi lakini kunaweza kuiongezea mzigo hii iliyoumia, iliyo karibu na ngozi. Wengi hudhani kisigino kirefu hupumzisha kila kitu.

Viatu vyepesi vya mbio viondolewe. Kumwacha peku mara moja sishauri, kwa sababu nyayo zao huwa nyembamba na atachechemea kwa mawe, halafu mtaanza kutafuta tatizo kwenye kano ambako halipo.

Nyongeza — Mlezi wa Farasi

Nawashukuru sana. Mzazi yule nimemweleza, naye amepokea kwa uungwana. Daktari amekubali kupima miguu yote miwili na kuangalia tumbo. Nyasi kavu nimeshaziongeza, na jirani amekubali kuniazima punda wake akae banda la pembeni.

Sasa naomba mnisaidie kufikiria mwisho wa safari. Nimtafute mtu wa aina gani? Wapo wanaonishauri nimtoe bure, kwa kuwa farasi mwenye kovu hana thamani sokoni. Na je, kama picha zitaonyesha kwamba hafai kupandwa kabisa?

Jibu — Mtunza Wastaafu

Dada yangu, usimtoe bure kwa mtu usiyemjua. Tangazo la farasi wa bure huwafikia kwanza wale wanaonunua kwa kilo ili wachinjwe. Ama mwuze kwa bei yenye maana, hata kama ni ndogo, ama, na hili ndilo ninalolipenda zaidi kwa farasi mwenye jeraha, mtoe kwa mkataba wa kumlea huku umiliki ukibaki kwako. Utaratibu huo hutumiwa na mashirika mengi yanayowapokea farasi wa mbio. Kabla ya kutangaza popote, ulizia kama chama cha mbio alikosajiliwa kina mpango wa wastaafu. Uingereza ina Retraining of Racehorses, iliyoanzishwa mwaka 2000 na sekta ya mbio yenyewe, na Marekani ina Thoroughbred Aftercare Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo hukagua na kuidhinisha vituo vya kuwapokea farasi hawa. Mipango ya namna hii humsaidia hata mtu binafsi kupata mafunzo na waombaji waliochujwa.

Mkataba uandikwe, usiwe wa mdomo. Uandike jeraha ni lipi na liko mguu upi; uandike kazi zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, kwa mfano matembezi na mazoezi mepesi ya uwanjani yaruhusiwe, kuruka na mbio yakatazwe; useme kwamba farasi hatahamishwa wala kuuzwa bila wewe kupewa nafasi ya kwanza ya kumrudisha; na useme unaweza kumtembelea ukitoa taarifa. Taarifa ya umiliki katika pasipoti yake na katika rejista ya chipu ya utambulisho iliyo shingoni ibaki sahihi, kwa sababu farasi akipotea hiyo ndiyo njia ya kumfuatilia.

Mwombaji namtazama kwa mambo machache. Aje ampande, au amhudumie, zaidi ya mara moja, na siku moja asiende uwanjani kabisa bali akae tu bandani na farasi. Mtu anayekasirika kwa kuombwa hivyo ameshajieleza. Nenda ukaone mahali atakapoishi: uzio, maji, wenzake wa malishoni. Zungumza na daktari wake na fundi wake wa kwato. Mpandaji awe mtu mzima mwenye mkono mwepesi, au kijana anayesimamiwa na mwalimu anayewafahamu farasi wa mbio. Mtu anayetaka farasi wa kutembea naye mashambani asubuhi, asiyejali vikombe wala medali, ndiye anayemfaa huyu.

Kama hatafaa kupandwa, anaweza kuwa mwenzi wa farasi mwingine malishoni, wa kumtuliza farasi mzee au kumlea mdogo. Nafasi hizo ni chache, nami sitakuficha hilo. Farasi wa miaka 6 anaweza kuishi hadi miaka 25 na zaidi, kwa hiyo anayemchukua kama mwenzi anajifunga kwa gharama za chakula, kwato, meno na chanjo kwa miaka mingi bila kumpanda. Wengi huahidi kwa huruma kisha humpitisha kwa mwingine baada ya mwaka mmoja. Ikiwa atabaki na maumivu yasiyotulizwa, au ikiwa hakuna makao ya kuaminika, basi kumlaza kwa upole asiamke tena, kwa mkono wa daktari, nyumbani alikozoea, ni jambo la heshima kuliko kumwacha aende mnada hadi mnada. Najua ni neno gumu, lakini lizungumzeni mapema na daktari wako, kabla ya siku ya dharura.

Jibu — Daktari wa Mifugo

Nakubaliana na Mtunza Wastaafu, ila kuhusu muda ningeweka sharti. Usimtangaze kabla hajapita miezi mitatu akifanya ile ile kazi ambayo mwenyeji mpya atampa, kwa kiwango kile kile, na picha ya mwisho isionyeshe badiliko. Mwombaji afike na daktari wake mwenyewe kumkagua, nawe umpe picha zote tangu ya kwanza, hata zile mbaya, ili ukubwa wa kano upimwe kwa kulinganishwa na ulivyokuwa.

Akishahama, wiki nne za kwanza arudi kwenye matembezi tu, na malishoni aanzie kwenye ua mdogo akiwa na mwenzake mmoja aliye mtulivu. Mahali papya, kundi jipya na ardhi ngeni humfanya farasi akimbie hata kama alikuwa ameshatulia kwako. Mwenyeji apapase kano zote mbili kila asubuhi kabla farasi hajatoka bandani, mguu ukiwa umenyanyuliwa na kukunjwa, akilinganisha joto na unene wa upande mmoja na mwingine. Akihisi joto ambalo jana halikuwapo, farasi asitoke siku hiyo, na daktari aitwe hata kama farasi hachechemei.